Sanduku Zito la Waanzilishi

Barua mia moja na kumi na tatu ziliisha kwa kuliwa na mchwa. Zilikuwa ndani ya sanduku la mninga, sanduku lina makufuli matatu, makufuli yote mazima, stoo ina mlango wa chuma na mlango una mlinzi. Mlinzi mwenyewe ni Mazengo. Hakuna aliyevunja, hakuna aliyeiba, na hilo ndilo lililowauma watu Jumamosi ile. Hapakuwa na mwizi wa kumkimbiza.

Asubuhi yake Mazengo hakujua kitu. Au tuseme alijua, ila alikuwa amejizoeza kutojua, na mtu akijizoeza jambo miaka saba linakuwa sehemu ya mwili wake kama kovu.

Aliacha shule darasa la nne. Baba yake, kule Ihumwa, alimwambia ng'ombe hawachungwi kwa daftari, akampa fimbo, basi. Alipokuwa na miaka thelathini na kidogo ndipo alipopata kibarua kwenye Chuo Kikuu cha Uwanda wa Kati, upande wa Msalato, Dodoma, wakati chuo chenyewe kina majengo mawili, tangi la maji na vumbi. Leo kina maghorofa na lami, na Mazengo ana miaka hamsini na tatu na funguo za stoo kiunoni. Wahitimu wa kwanza walipoondoka, yeye ndiye aliyelibeba sanduku lao kuliingiza stoo, yeye na kijana mmoja wa mwaka wa mwisho aliyeitwa Batholomeo. Walilibeba wawili tu. Hilo lishike.

Ndani ya sanduku kila mhitimu aliweka barua. Waliandika siku moja kabla ya mahafali: ama kujiandikia mwenyewe, ama kumwandikia mtu wake, isomwe baada ya miaka ishirini. Walikuwa mia moja na kumi na wanne. Waliongeza bendera ya kwanza ya chuo, aliyoishona Editha kwa mkono, picha ya siku ya kwanza, na kengele ya mkono iliyokuwa ikiita watu darasani kabla umeme haujafika.

Makufuli matatu yalikuwa na sababu yake. Mwaka wao wa pili kombe la mpira la wanafunzi lilipotea, wakashukiana, wakanuniana nusu mwaka. Kwa hiyo wakakubaliana sanduku lisifunguliwe na mtu mmoja wala wawili. Ufunguo wa kwanza kwa Leonard, mwenyekiti wao. Wa pili kwa Editha. Wa tatu kwa Batholomeo. Wasomi wale walikuwa wanaogopana wenyewe kwa wenyewe. Mchwa hakuna aliyemfikiria.

Na fundi wa sanduku alipoishiwa mninga, pande tano zimekamilika na bado upande wa chini, Leonard ndiye aliyesema, "Weka plaiwudi. Chini nani ataangalia?"

Saa mbili asubuhi turubai lilikuwa limeshafungwa uwanjani na viti vimepangwa. Mazengo alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha stoo akipangusa viatu, msichana akaja moja kwa moja kwake. Vumbi la safari lilikuwa limemkaa kwenye nyusi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Lakini babu wa nani? Mimi bado natafuta mke wa pili."

Msichana akacheka. "Haya, shikamoo, baba."

"Hapo sawa. Umepotea? Usajili uko jengo la pili."

"Sijapotea. Natafuta sanduku."

Akaingiza vidole kwenye kola ya gauni, akavuta kamba nyeusi. Mwisho wa kamba ulining'inia ufunguo. Mazengo aliutazama ufunguo, akamtazama msichana masikio. Yalikuwa masikio yale yale, yaliyosimama kama yanasikiliza kitu cha mbali.

"Wewe ni wa Batholomeo," akasema.

"Ndiyo. Tereza. Nimetoka Mpwapwa, nimepanda basi la alfajiri." Akakaa kizingitini bila kukaribishwa. "Ulimjua?"

"Tulilibeba hili sanduku mimi na yeye."

Batholomeo alikuwa amekufa miaka kumi na minne iliyopita kwa ajali ya pikipiki, Tereza akiwa na miaka mitano. Msichana alieleza mambo yake haraka haraka, kama mtu aliyeyakariri ndani ya basi. Simu ya baba iliibwa msibani. Picha iliyobaki ni ya kitambulisho, amekunja uso. Sauti yake haikumbuki. Lakini mama yake amemwambia tangu akiwa mdogo: ndani ya sanduku la Dodoma kuna barua, na barua hiyo ni yako, baba yako aliiandika wewe ukiwa tumboni.

"Sina kitu kingine chake," Tereza akasema. "Nimekuja kuichukua."

Mazengo akakitazama kizingiti. Alikumbuka vizuri sana. Batholomeo aliandikia pale pale, kwenye kizingiti kile, kwa kalamu aliyoazima kwa Mazengo, kalamu ya daftari la wageni. Aliandika karatasi tatu, mbele na nyuma. Wenzake walikuwa wanamwita wakapige picha, naye anasema bado, bado, bado kidogo.

"Aliandika sana," Mazengo akasema.

"Kweli?"

"Karatasi tatu."

Msichana akafumba mdomo kwa mikono miwili. Furaha ile ilimwingia Mazengo mbavuni kama mwiba.

Kwa sababu kila mwaka, mwezi wa Novemba, Waanzilishi, ndivyo wahitimu wale walivyojiita, walikuwa na desturi yao. Walikuja thelathini, arobaini, wakaingia stoo, wanaume wakashika vishikio vya sanduku na kuvuta juu kupima uzito. Wote wakapaza sauti: "Bado zito!" Picha ikapigwa, ikarushwa kwenye kundi lao la WhatsApp, na walioko Mwanza na Songea na ughaibuni wakajibu kwa makofi. Hakuna aliyewahi kufungua hata mara moja. Kupima uzito kuliwatosha.

Miaka ya mwanzo watu wawili walilifikisha magotini. Baadaye ikabidi wanne. Kisha ukafika mwaka ambao hata sita hawakuliinua, wakavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Leonard alishangilia kuliko wote. "Mnaona? Heshima yetu inaongezeka uzito!" Watu wakapiga vigelegele. Mazengo naye akacheka pamoja nao, mkono ukiwa kwenye funguo.

Mwaka huo huo, mvua ya kwanza ilipopiga Desemba, kumbikumbi walitoka chini ya mlango wa stoo. Walitoka kama moshi. Mazengo aliweka ndoo na taa, akateka nusu ndoo. Mkewe, Penina, akawakaanga kwa chumvi, wakala na ugali wa mtama, watoto wakalamba vidole. Jumatatu ndipo akili ilipomrudia: kumbikumbi hawatoki pasipo na kichuguu, na stoo ile ni sakafu na sanduku, hakuna kingine.

Akampigia Leonard simu. Alimweleza wazi: sanduku limeshikwa na mchwa, naomba tulifungue, au niling'oe nilipandishe juu ya tofali na kupaka oili chafu.

"Mazengo," Leonard akajibu, "mchwa hali mninga. Huna habari?"

"Nina habari. Mninga ni juu. Chini ni plaiwudi."

Leonard akabadili hoja. "Ufunguo wa tatu uko kwa wafiwa, Mpwapwa. Siwezi kwenda kumsumbua mjane kwa sababu ya wadudu. Usiguse. Ukigusa, kikipotea kitu ni wewe."

Maneno yale mawili, *ni wewe*, ndiyo yaliyomfunga Mazengo mdomo. Mtu wa darasa la nne akiambiwa ni wewe na mtu mwenye shahada, anamwona polisi mlangoni. Alimwaga majivu kuzunguka sanduku, akafunga mlango. Hakusema tena. Hiyo ndiyo miaka saba yake.

Saa nne Leonard akafika. Alikuja na treni ya umeme kutoka Dar, kitambi mbele, fulana imeandikwa WAANZILISHI MIAKA 20.

"Mazengo! Bado hujafa tu?"

"Nife, halafu mzigo wenu nimwachie nani?"

Watu wakacheka. Editha alikuja na gari lake kutoka Mtumba, kwenye wizara anakofanya kazi. Alimkumbatia Tereza muda mrefu, akamfuta vumbi kwenye nyusi kwa kidole gumba. Nyuma yao alikuja Shamila, mwalimu kule Kondoa, mzaliwa wa Chemba. Enzi zao walimwita Mama Nyuki kwa sababu ya mizinga ya baba yake. Yeye alisimama mlangoni tu, akinusa hewa ya stoo, na uso wake haukucheka.

"Leo hatupimi, leo tunabeba!" Leonard akatangaza. Mpango ulikuwa kulipeleka sanduku chini ya turubai, kulifungua mbele ya wageni na kuita jina moja moja. Walioaga dunia wangeitiwa watoto wao. "Tereza, mwanangu, wewe utafungua kufuli la baba. Uko tayari?"

"Niko tayari, baba mkubwa."

"Leonard," Mazengo akasema. "Tufungue humu humu kwanza."

"Kwa nini?"

Hapo alikuwa na nafasi. Mdomo ulifunguka, akamwona Tereza ameshika ufunguo kwa vidole vya mikono yote miwili, na mdomo ukajifunga.

"Basi tu," akasema.

"Acha woga wa kizee. Wanaume, njooni!"

Walikuja wanane. Wakashika vishikio, wakashika pembe, Leonard akahesabu moja, mbili, tatu. Wakavuta. Halikutikisika. Vijana wa chuo waliokuwa dirishani wakapiga makelele: "Bado zito!" Wakavuta tena. Kikasikika kitu kikichanika, mlio mkavu, kama mzizi unang'oka. Sanduku likaruka juu. Lilikuwa jepesi kiasi kwamba wanaume wawili walianguka chali nalo.

Hakuna aliyecheka.

Pale sanduku lilipokuwa palibaki sanduku jingine, la udongo. Lilikuwa na pembe zake nne, urefu ule ule na upana ule ule, jekundu, lina vitundu, limesimama peke yake juu ya sakafu. Likaanza kutembea. Mchwa walimwagika kutoka kila tundu, weupe, wenye vichwa vyeusi, wakaingia kwenye viatu vya watu.

Mwanamke mmoja alipiga yowe. Editha alirudi nyuma mpaka ukutani, amejishika kichwa, akisema "Hapana, hapana, hapana," kwa sauti ya chini, kama anamkataza mtoto. Leonard alisimama mikono ikining'inia.

"Labda juu," akasema. "Labda zimebaki kwa juu, kwenye kifuniko. Leteni funguo."

Hata Mazengo, aliyejua, alishangaa ombi lile. Lakini watu walikuwa wamepigwa na butwaa, na mtu wa namna hiyo hufuata lolote atakaloambiwa. Wakaliweka sanduku sawa. Leonard akafungua kufuli lake. Editha akafungua lake. Tereza akapiga magoti, akafungua la baba yake, likafunguka kirahisi, jepesi, lina mafuta bado. Kifuniko kikainuliwa. Wakainama wote kutazama ndani, wakaona viatu vyao.

Tereza hakupiga kelele. Alibaki kwenye magoti akitazama lile shimo la mbao. Kisha akageukia udongo, akaanza kuuchimba kwa kucha. Mchwa walimng'ata, hakuacha. Mazengo alichukua jembe, akamsogeza taratibu, akaupasua udongo katikati. Kila bonge alilolitoa, Tereza alilivunja mkononi. Palikuwa na vipande vya karatasi ndani yake, vidogo kama ukucha, vina rangi ya buluu ya kalamu, vikiguswa vinakuwa unga. Palitoka kengele. Vikatoka vifungo vya shaba vya bendera ya Editha, bila bendera. Halafu jembe likagonga kitu kikalia.

Lilikuwa kopo la bati la maziwa ya watoto, limeota kutu, kifuniko kimezibwa pande zote kwa nta.

"Ni langu hilo," Shamila akasema kutoka mlangoni.

Akaingia, akachukua kisu kidogo kwenye mkoba, akakata nta akizungusha. Kifuniko kikatoka. Ndani barua ilikuwa nyeupe kama imewekwa jana, na harufu ya asali ikapanda stoo nzima. Watu wakashtuka upya. Kuona barua moja nzima kuliwaumiza kuliko kuona udongo, maana sasa walijua ilikuwa inawezekana.

Tereza akasimama mbele yake, mikono myekundu. "Mama mdogo, ya baba haimo?"

"Haimo, mwanangu."

"Angalia vizuri."

Shamila akageuza kopo juu chini, akalipiga matako. Halikutoka kitu. Akavuta pumzi. "Heri nikwambie, usije ukaambiwa na mtu mwingine. Nilimwambia aweke yake humu. Nafasi ilikuwepo, kopo lilikuwa tupu nusu. Kwetu asali tunaizibia hivyo, inakaa miaka. Akacheka."

"Alisemaje?"

"Kwa nini unataka..."

"Alisemaje? Maneno yake."

Shamila akamtazama Mazengo. Mazengo alikuwepo siku ile, alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka kwao.

"Alisema, 'Barua si asali, Mama Nyuki,'" Shamila akajibu.

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Rudia."

Shamila akarudia. Tereza akayatamka kimyakimya, midomo ikicheza. "Na alicheka vipi?"

Mazengo ndiye aliyejibu. "Kwa pua. Alikuwa anacheka kwa pua, mabega yanaruka."

Sasa uso wa Leonard ulikuwa unatafuta mahali pa kutua, ukatua kwa Mazengo.

"Wewe. Unakaa humu kila siku. Miaka ishirini unalipwa kufagia, huoni kichuguu?"

"Nilikupigia," Mazengo akasema.

"Ulinipigia lini?"

"Miaka saba iliyopita. Desemba. Nikakwambia chini ni plaiwudi. Ukaniambia nikigusa, kikipotea kitu ni mimi."

Editha akageuka polepole. "Leonard, alikupigia?"

"Nilidhani..." Leonard akaanza, Editha akamkata.

"Miaka saba tumekuja hapa tunavuta, tunapiga picha. Ulijua?"

"Sikujua! Nilijua ameniambia. Si sawa na kujua."

"Ni sawa," Mazengo akasema. "Mimi pia nilijua hivyo hivyo." Akamgeukia Tereza, maana kama angemwacha Leonard peke yake na aibu ile, angekuwa amemwibia msichana kitu kingine tena. "Mwanangu, wale kumbikumbi walitoka humu. Niliwateka kwa ndoo. Nikawala, mimi na mke wangu na watoto. Ndivyo nilivyojua. Nikasema mara moja, nikakaripiwa, nikanyamaza. Nyundo ninayo. Makufuli haya ningeyavunja, pigo moja moja."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mungu wangu." Tereza alimtazama Mazengo kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira, na Mazengo angeitaka hasira. Alikuwa anamtazama kama mtu anayejaribu kuona ndani yake kuna nini.

"Ulikula," akasema.

"Nilikula."

Akainama akauchomoa ufunguo kwenye kufuli, akauvaa shingoni tena, sijui wa kufungulia nini. Akatoka.

Sherehe haikufanyika. Pilau lililiwa kimya, watu wamesimama. Kwenye kundi la WhatsApp hakuna aliyetuma picha, walioko mbali waliuliza "Vipi, bado zito?" mpaka jioni, na hakuna aliyewajibu. Editha alimpeleka Tereza stendi kuwahi basi la saa tisa. Leonard alibadili tiketi, akaondoka na treni ya mapema, fulana ameivua.

Mazengo alibaki. Stoo ni lazima ihesabiwe, hata siku ya msiba. Akafungua daftari, akachukua kalamu, akaandika kwa herufi zake kubwa za darasa la nne.

Sanduku moja, halina chini. Makufuli matatu, mazima. Kengele moja. Vifungo sita, bendera hakuna. Picha hakuna. Barua zilizowekwa mia moja na kumi na nne, iliyotoka moja. Katika hizo, ya Batholomeo: karatasi tatu, mbele na nyuma, kurasa sita. Aliyofikishiwa mtoto wake: maneno matano.